Tiba ya mapigo ya moyo yaliyovurugika kwa wanawake: dhana potofu na ukweli

Mwanamke na mwanaume wanaweza kupewa tiba ileile kwa tatizo lilelile la mapigo ya moyo, kisha matokeo yakapishana. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya maumbile: ukubwa wa moyo, homoni, uzito, kazi ya figo. Sehemu nyingine inasababishwa na sisi watoa huduma: ugonjwa unachelewa kutambuliwa, dozi hazihesabiwi upya, na vigezo vingi vimetoka kwenye tafiti zilizojaa wanaume. Hiyo ya pili inaweza kurekebishwa bila kusubiri dawa mpya.

Dhana: Mwanamke kijana anayesema moyo unamwenda mbio ana wasiwasi tu

Hii ndiyo dhana inayopoteza miaka mingi ya watu, tena bila sababu. Kuna aina ya mapigo ya kasi inayotokana na umeme kuzunguka ndani ya nodi ya AV, kituo kilichopo kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo. Wanawake huipata takriban mara mbili ya wanaume, na mara nyingi katika umri mdogo au wa kati. Dalili zake zinafanana mno na za mshtuko wa hofu: moyo unapiga 150 hadi 250 kwa dakika, kifua kinabana, pumzi inakata, mikono inatetemeka. Mgonjwa akifika kliniki tukio limekwisha, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) inatoka safi, anaambiwa akapumzike.

Maswali mawili husaidia kuzitenganisha. La kwanza: je, tukio linaanza na kukoma ghafla, kama taa iliyowashwa na kuzimwa? La pili: je, anahisi mdundo mkali shingoni? Mdundo huo unatokea kwa sababu vyumba vya juu na vya chini vinakaza kwa wakati mmoja, na damu inarudi juu kwenye mishipa ya shingo. Hofu peke yake haifanyi hivyo. Mwenye majibu ya ndiyo anastahili ECG wakati wa tukio lenyewe, au kifaa cha kurekodi cha kuvaliwa siku 7 hadi 14, kabla mtu hajamwandikia dawa za kutuliza.

Tukio likianza na mgonjwa hana maumivu ya kifua wala dalili za kuzimia, kuna mbinu ya kujikamua iliyopimwa vizuri. Akae akiwa ameegemea nyuma, apulize kwa nguvu kwenye bomba la sindano la mililita 10 kiasi cha kuisogeza pistoni kidogo, kwa sekunde 15. Hapohapo alazwe chali na mtu mwingine amwinue miguu yote miwili hadi nyuzi 45 kwa sekunde 15 nyingine. Katika jaribio la REVERT la mwaka 2015, mbinu hii ilirudisha mapigo ya kawaida kwa asilimia 43 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 17 ya waliojikamua wakiwa wameegemea tu, bila kulazwa wala kuinuliwa miguu. Kosa la kawaida ni kuchelewa kuinua miguu. Ikishindikana, hospitali hutumia adenosini miligramu 6, kisha 12. Dawa hii huisha nguvu ndani ya sekunde chache, hivyo ikipigwa polepole kupitia kanula ndogo ya kiganjani inakufa njiani. Ipigwe kwenye mshipa mkubwa wa mkono, kwa kasi, ikifuatwa papo hapo na maji ya chumvi.

Tiba ya kudumu ni ablesheni, yaani kuunguza kwa katheta ile njia ya ziada ya umeme. Inafanikiwa kwa zaidi ya asilimia 95, kwa wanawake sawa na wanaume. Kinachotofautiana ni miaka ambayo mwanamke anazungushwa kabla ya kuifikia.

Dhana: Kreatinini ikiwa sawa, dozi iwe sawa

Chukua watu wawili wenye miaka 75, wote kreatinini (taka inayopimwa kwenye damu kuangalia figo) 1.2 mg/dl. Mwanaume ana kilo 80, mwanamke ana kilo 52. Kwa kanuni ya Cockcroft na Gault (140 toa umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini, na kwa mwanamke zidisha tena kwa 0.85), figo za mwanaume zinasafisha takriban mililita 60 kwa dakika. Za mwanamke ni 33. Jibu la maabara ni lilelile, lakini uwezo wa figo ni karibu nusu. Sababu ni kwamba kreatinini hutoka kwenye misuli. Mwenye misuli michache hutoa kidogo, na figo zilizochoka zikaonekana nzima.

Sotalol na digoksini, dawa za mapigo ya moyo, hutolewa zaidi na figo, kwa hiyo huyu mama akipewa dozi ya yule baba, dawa inajilimbikiza. Mwaka 2002, uchambuzi mpya wa jaribio la digoksini kwa wagonjwa wa moyo kushindwa kazi ulionyesha kuwa wanawake waliopewa dawa walifariki kwa asilimia 33.1, dhidi ya 28.9 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wanaume hawakuonyesha madhara hayo. Uchambuzi uliofuata ulielekeza kidole kwenye kiwango cha dawa katika damu. Lengo salama ni 0.5 hadi 0.9 ng/ml, na damu ichukuliwe angalau saa 6 baada ya kumeza. Ikichukuliwa mapema zaidi, jibu litakuwa juu kwa uongo.

Kosa la upande wa pili lipo pia: kumpunguzia mwanamke dozi kwa sababu tu anaonekana mdogo. Apixaban, dawa ya kuzuia damu kuganda, hushushwa kutoka miligramu 5 hadi 2.5 mara mbili kwa siku pale tu vigezo viwili kati ya vitatu vinapotimia: miaka 80 au zaidi, kilo 60 au chini, kreatinini 1.5 mg/dl au zaidi. Mama wa miaka 72 mwenye kilo 58 na kreatinini 1.0 ana kigezo kimoja. Anapaswa kupata dozi kamili. Nusu dozi inamwacha wazi kwa kiharusi huku akiamini amekingwa.

Dhana: QT ni QT, awe nani

QT ni muda ambao vyumba vya chini huchukua kuanza kusisimka hadi kumaliza kujiandaa upya. Watoto wa kike na wa kiume wanalingana. Baada ya balehe, testosteroni huufupisha kwa wavulana, na wanawake wanabaki na QT ndefu kidogo maisha yao mengi ya utu uzima. Ndiyo maana mpaka wa kawaida huwekwa takriban milisekunde 450 kwa wanaume na 460 kwa wanawake. Anayeanzia karibu na ukingo huanguka kwa urahisi zaidi: karibu theluthi mbili ya visa vya torsade, mapigo hatari yanayojisokota kwa sababu ya dawa, hutokea kwa wanawake. Kwa sotalol, takwimu zilizochapishwa mwaka 1996 zilikuwa asilimia 4.1 kwa wanawake na 1.9 kwa wanaume.

Mara nyingi ajali hii haina chanzo kimoja. Mwanamke yuko kwenye sotalol na kidonge cha kukojoza, anapata kuhara, potasiamu inashuka, kisha anaongezewa klarithromaisini kwa kikohozi au ondansetroni kwa kutapika, dawa ambazo nazo hurefusha QT. Kila hatua inaonekana ndogo. Hivyo kabla ya kuanza sotalol: hesabu uwezo wa figo, hakikisha potasiamu ni 4 mmol/l au zaidi na magnesiamu iko sawa, piga ECG kabla na saa 2 hadi 4 baada ya kila dozi za mwanzo, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi kwa siku 3. QT iliyosahihishwa kulingana na kasi ya moyo ikivuka 500, dawa isitishwe au dozi ipunguzwe. Usiiamini namba ya mashine moyo ukiwa unapiga zaidi ya 100. Kanuni ya Bazett huirefusha kupita kiasi, tumia ya Fridericia. Torsade ikitokea, magnesiamu salfeti gramu 2 kwenye mshipa hutolewa hata kama kipimo cha magnesiamu ni cha kawaida.

Dhana: Kuwa mwanamke kunatosha kuhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda

Hapana. Katika mpapatiko wa atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo, alama za CHA2DS2-VASc za kukadiria hatari ya kiharusi zilitoa pointi 1 kwa jinsia ya kike, na wengine wakaisoma kama amri ya kumwanzishia dawa kila mwanamke. Jinsia huongeza hatari pale mambo mengine yapo, hasa umri mkubwa. Peke yake haitoshi. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 umeiondoa pointi hiyo. Kwa anayeihitaji kweli, kuna jambo la kuzingatia: wanawake walio kwenye warfarin wamebaki na kiharusi zaidi kuliko wanaume, lakini kwa dawa mpya za kumeza pengo hilo halionekani. Hedhi ikizidi kuwa nzito, wingi wa damu upimwe na dawa ijadiliwe. Kuacha kimyakimya ndiko kunakoleta kiharusi.

Dhana: Ablesheni ya mpapatiko wa atria haiwafai wanawake

Inawafaa. Jaribio la CABANA la mwaka 2019, lililokuwa na wanawake asilimia 37, lilionyesha kuwa ablesheni ilipunguza kurudi kwa mpapatiko kuliko dawa kwa jinsia zote, ingawa kwa wanaume ilipunguza zaidi. Wanawake huletwa wakiwa na umri mkubwa, baada ya dawa nyingi kushindwa, na wengi vyanzo vyao vya umeme viko nje ya mishipa ya mapafu inayolengwa. Ukichelewesha tiba kwa mtu halafu ukamlaumu kwa matokeo, hujamtendea haki.

Madhara ni suala la kweli: damu kuvuja kinenani na damu kujaa kwenye mfuko wa moyo hutokea zaidi kwa wanawake. Mishipa yao ni myembamba, na ateri hukaa karibu na vena au juu yake. Mshipa utobolewe kwa kuangalia ultrasaundi, si kwa kupapasa. Dozi ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda wakati wa tiba, ifuate uzito. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama ultrasaundi itatumika.

Dhana: Vifaa vinavyopandikizwa huwasaidia wanaume zaidi

Kwa pesimeka, kifaa cha kuongoza mapigo, ile inayosawazisha pande mbili za moyo, ni kinyume. Katika jaribio la MADIT-CRT, hatari ya kifo au moyo kushindwa ilipungua kwa asilimia 69 kwa wanawake na 28 kwa wanaume. Moyo mdogo unahitaji muda mfupi kupitisha umeme, hivyo QRS (muda wa umeme kusambaa vyumba vya chini) ya milisekunde 140 yenye kuziba kwa tawi la kushoto la njia ya umeme ni hitilafu kubwa zaidi kwa mwanamke. Anayesubiri 150 kwa kila mtu anawanyima wengi.

Difibrileta, kifaa kinachoupiga moyo shoti ukivurugika, ina sura nyingine. Wanawake hupata mishtuko michache ya kuokoa maisha, na matatizo zaidi ya upandikizaji, ikiwemo pafu kutobolewa. Kuingilia mshipa wa sefaliki, au wa kwapa kwa ultrasaundi, hupunguza hatari hiyo. Sehemu ya kifaa ichorwe akiwa amesimama na amevaa sidiria, ili mkanda usije ukasugua kidonda.

Dhana: Mjamzito asipigwe shoti ya kurekebisha mapigo

Mapigo yakimshusha shinikizo la damu, kuahirisha ndiko kunakomdhuru mtoto. Shoti ya umeme ni salama katika kila hatua ya ujauzito. Alazwe ameinamia kushoto, mapigo ya mtoto yafuatiliwe. Adenosini pia inaruhusiwa. Wenye QT ndefu ya kurithi, hasa aina ya 2, wako hatarini zaidi katika miezi 9 ya kwanza baada ya kujifungua kuliko wakati wa mimba, kwa hiyo beta bloka (dawa ya kutuliza mapigo) isikatishwe kwa ajili ya kunyonyesha: wengi hubaki kwenye nadolol au propranolol, na mtoto akaangaliwa mapigo, usingizi na uzito.