Wesley Willis wa Chicago: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Nyimbo zake zote ni wimbo mmoja.

Hili ndilo husemwa zaidi, na si vigumu kuona lilikotoka. Willis, mwanamuziki na mchoraji aliyezaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1963, alitumia kinanda cha Technics chenye bendi ndani yake: unachagua staili, unapanga mwendo, unabonyeza noti za upande wa kushoto, na ngoma, besi na gitaa vinaingia vyenyewe. Mpangilio wake haukubadilika sana. Ubeti anausema kuliko kuuimba, kiitikio kinarudia jina la wimbo, kinafuata kipande cha ala tupu, na mwishoni anazitaja London na Chicago kisha anafunga kwa kaulimbiu ya tangazo la biashara.

Ukiufuatilia mpangilio peke yake, utachoka upesi. Fuatilia maneno. Nyimbo nyingi ni taarifa za maonyesho: bendi gani ilipiga, ukumbi upi, watu walijaa kiasi gani, jukwaa lilitikisika vipi. Ukizisikiliza kwa mfululizo unapata kumbukumbu ya muziki wa jukwaani wa miaka ya 1990 iliyowekwa na shabiki asiyechoka.

Wala si kweli kwamba kinanda cha aina hiyo hujipiga chenyewe. Kina mpaka unaotenga upande wa kushoto na wa kulia. Vidole vya kulia vikiteleza chini ya mpaka huo, mashine hudhani umeiamuru, na bendi nzima inahamia noti nyingine wewe ukiwa katikati ya ubeti. Kuimba, kukumbuka maneno na kuusimamia mkono wa kushoto kwa wakati mmoja kunahitaji mazoezi.

Dhana: Hakuwa mtu wa panki, yaani roki ya kelele na ya kujitegemea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliongoza Wesley Willis Fiasco, bendi kamili ya gitaa, besi na ngoma. Mwaka 1995 mkusanyiko wa nyimbo zake ulitolewa na Alternative Tentacles, lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Jello Biafra aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya panki ya Dead Kennedys, na mwaka uliofuata akatoa kazi kupitia lebo nyingine, American Recordings. Zaidi ya hayo, alirekodi albamu kadhaa wa kadhaa kwa gharama ndogo na kuziuza mwenyewe. Kama huo si upanki, neno hilo halina maana.

Dhana: Matusi yake yalikuwa kichaa tu.

Mwaka 1989 madaktari walithibitisha kuwa ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Ugonjwa huo haumfanyi mtu kuwa na nafsi mbili, kama wengi wanavyoamini; kwake ulikuja kwa sauti zilizomtukana na kumkatisha kazi. Yeye aliziita mashetani, na kuna nyimbo za matusi makali alizozitunga makusudi ili kuyafukuza. Muziki wa kelele masikioni na safari za basi vilimtuliza. Ndiyo maana mpangilio uleule una uzito: mtu ambaye kichwa chake kinavurugwa wakati wowote alikuwa na njia anayoijua kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwa njia hiyo alimaliza mamia ya nyimbo.

Dhana: Mashabiki walikuja kumcheka.

Wapo waliokuja kwa hilo, na ni aibu yao. Lakini kusema alitumiwa tu ni kumnyang'anya akili yake. Alitaka kuwa nyota wa roki, alilitamka hilo waziwazi, akasafiri na kupiga. Aliyesimama mbele ya jukwaa akijua maneno yote hakuwa mcheka kilema. Swali la nani alifaidika zaidi ni halali. Liulizwe kwa lebo na mapromota, si kwa kumfanya Willis mtoto.

Dhana: Kugonga watu kichwa kulikuwa ugomvi.

Ilikuwa salamu. Alimshika rafiki au shabiki, wakagonganisha vipaji vya uso. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka akaota sugu. Tatizo ni kwamba alikuwa mtu mkubwa, wa zaidi ya kilo 130, kwa hiyo salamu iliuma.

Dhana: Aliuawa na dawa za kulevya.

Alifariki Agosti 21, 2003, akiwa na miaka 40, kutokana na saratani ya damu.

Dhana: Michoro ilikuja baada ya umaarufu.

Ni kinyume. Kabla ya kurekodi alikuwa akichora mitaani Chicago kwa bolpeni na kalamu za rangi kwenye karatasi ngumu za manila: barabara kuu ya Dan Ryan, mabasi, treni, maghorofa, vyote vikipungua ukubwa kuelekea upeo kwa mistari sahihi. Michoro hiyo aliiuza kwa wapita njia.