Picha za kale za Unguja: anza kutazama pembeni

Ukionyeshwa picha ya zamani ya Mji Mkongwe, jicho hukimbilia Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la wafalme mbele ya bahari. Sisi tunaoshughulika na nyaraka huanzia pembeni.

Nyingi hazina tarehe, lakini zinajisema. Ukiona mnara wa taa umesimama mzima, peke yake, mbele ya jumba hilo, basi picha ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Waingereza zilipolipiga mizinga kasri la mfalme kwa muda wa dakika kama 38. Mnara ukiwa umeungana na uso wa Beit al-Ajaib, ni ya baadaye. Bandari ikijaa majahazi, huo ni msimu wa upepo wa kaskazi: vyombo vimetoka Arabuni na Bara Hindi, vinangoja upepo wa kusi virudi kwao.

Michoro ya vitabu vya wasafiri ina hila zake. Aghalabu aliyeichonga kwa ajili ya kuchapwa alikaa Ulaya, hajawahi kuiona Unguja. Mimi humwamini kwenye mstari wa nyumba za pwani. Kwenye sura na mavazi ya watu, hapana.

Picha za kamera za mwanzo nazo zina lao. Kamera ilihitaji sekunde kadhaa kunasa, kwa hiyo wazee waliotulia barazani wanaonekana mpaka mikunjo ya kanzu, lakini mchukuzi aliyepita na mzigo kichwani kaacha ukungu tu, au hakuacha kitu. Uchochoro unaoonekana mtupu huenda ulijaa watu. Waliopata nafasi ya kukaa ndio waliobaki kwenye picha, na hilo lenyewe ni habari ya mji ule.

Jengine ni pale aliposimama mpiga picha: mara nyingi baharini, juu ya chombo. Kwa hiyo nyumba za mawe zimejaa fremu, na Ng'ambo, kule kwenye nyumba za udongo na makuti nyuma ya maji ya Pwani Ndogo yaliyokuja kufukiwa, haionekani kabisa. Huko ndiko walikokaa wengi wa waliojenga, waliopika na waliobeba.

Picha za Ng'ambo mara nyingi zimo masandukuni majumbani: harusi, timu za mpira, Idi. Msizigandishe kwa gundi wala kuzitia plastiki ya moto. Mtilieni bibi miwani, mumuulize ni nani na mtaa gani, kisha muandike nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino.