Kuhamishia data klaudi siyo kukopi na kupesti tu

Wengi tunaamini kuhamisha data kutoka seva za ofisini kwenda hifadhi ya klaudi (ya mtandaoni) inayoendeshwa na programu ni kukopi tu, usiku mmoja kwisha kazi. Inaeleweka, kwenye flashi ndo ilivyo. Ila piga hesabu mwenyewe: terabaiti 10 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde ni siku 9 na ushee, tena laini iwe yako peke yako (haiwagi hivyo), na huku watu bado wanasevu mafaili, kwa hiyo unakopi yote kwanza halafu unarudia yaliyobadilika tu mpaka siku ya kuhama rasmi. Yakifika usiangalie saizi peke yake, piga sha256sum (amri inayolipa kila faili msimbo wake kama alama ya kidole) huku na kule, herufi moja ya msimbo ikitofautiana faili hilo likopi upya.