Msongo wa mawazo hauanzii kwenye mawazo

Jina lenyewe linatupoteza. Tukisema "msongo wa mawazo", mtu anaamini tatizo liko kichwani tu, na ushauri anaopewa ni "usiwaze sana". Ushauri huo haujawahi kumsaidia mtu. Uko ndani ya daladala pale Kilombero, Arusha, saa 11 jioni, konda anatafuta "mmoja wa mwisho" asiyekwisha, simu inaingiza ujumbe wa marejesho ya kikoba. Kabla hujawaza lolote, adrenalini imeshamwagika kwenye damu: moyo unakimbia, mabega yamepanda, taya zimebana, pumzi imekuwa fupi na ya kifuani. Akili inauona mwili ulivyo, nayo inaamini kuna hatari. Ndiyo maana mimi huanza na mwili, na katika mwili huanza na pumzi, kwa sababu moyo huwezi kuuamrisha ila pumzi unaweza.

Moyo huongeza kasi kidogo ukivuta hewa na huipunguza ukiitoa. Kwa hiyo kinachotuliza ni kutoa polepole kuliko ulivyovuta, na si lile "vuta pumzi ndefu" ambalo kila mtu hukwambia. Egemea kiti, legeza mkanda. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine kitovuni. Vuta kwa pua sekunde 4: mkono wa chini uinuke, wa juu utulie. Toa sekunde 6 kwa mdomo uliobanwa kidogo, kama anayepoza chai. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5, asubuhi na jioni.

Wengi hukosea hapa, kisha husema njia haifanyi kazi. Wanajaza kifua mpaka pomoni kila mara, na baada ya dakika moja kichwa kinazunguka, vidole na midomo vinachonyota. Hewa ya kaboni imetoka mwilini kwa wingi kupita kiasi. Usiache, ila punguza ujazo: vuta kiasi kile kile unachovuta ukiwa umekaa tu, polepole zaidi. Wengine huhesabu mbio, "moja-mbili-tatu-nne" ikaisha kwa sekunde mbili, kwa hiyo tumia mshale wa sekunde wa saa mpaka uzoee. Na kuna wanaosubiri siku ya balaa ndipo wajaribu. Mwili haujifunzi kitu kipya ukiwa umeshapaniki. Zoea siku ambazo umetulia.

Kwa fundi cherehani au mhasibu anayeinama kutwa, pumzi peke yake haitoshi, maana msuli umeshika. Tumia njia ya Edmund Jacobson, daktari wa Marekani: kaza msuli kwanza, ndipo uuachie. Pandisha mabega mpaka karibu na masikio kwa sekunde 5, nguvu nusu tu, kisha yadondoshe ghafla na usikilize tofauti kwa sekunde 15. Fuata ngumi, uso, tumbo, mapaja. Ukifika miguuni, vuta vidole vielekee kwako. Ukivisukuma mbele utabanwa na misuli ya nyuma ya mguu, na usiku wa kupumzika utaishia kuchua misuli.

Sasa kahawa, na hapa najua wenzangu wa Moshi watanuna. Saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini bado imo kwenye damu. Kikombe cha saa 11 jioni kinakukuta kitandani saa 4 usiku. Tena kafeini inaleta moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, dalili zile zile za msongo, nawe unadhani una hofu. Arabika yetu ya mlimani ina afadhali, kwani robusta ya Bukoba ina kafeini karibu mara mbili. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa 8 mchana. Kama unakunywa vinne kwa siku, punguza kimoja kila baada ya siku chache. Ukikata ghafla kichwa kitakugonga. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ya jioni nayo si dawa: inaleta usingizi haraka, halafu inaukatakata kuelekea alfajiri.

Kutembea dakika 20 chini ya miti ya mtaa wa Shantytown, Moshi, simu mfukoni, kunasaidia. Sina la kuongeza.

Mawazo yenyewe yaandike kwenye daftari, saa mbili kabla ya kulala, si kitandani. Usiandike "ada ya Januari", kwa sababu hiyo ni hofu. Andika "kesho saa 2 asubuhi nimpigie mhasibu wa shule, niombe kulipa kwa awamu mbili". Lisilo na hatua ya kesho liandikie tarehe, ligeuzie ukurasa.

Usingizi ukikataa kwa wiki mbili, au ukianza kufikiria kujidhuru, usingoje: nenda hospitali, Mawenzi kwa walio Moshi, Mount Meru kwa walio Arusha. Na kifua kikibana kwa uzito, maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, usikae kuhesabu 4 na 6. Tafuta gari sasa hivi.