Kutoa pesa benki si kuitumia: dhana potofu kuhusu programu za hesabu binafsi

"Hii programu inanidanganya." Wateja wangu wengi hapa Kigoma huanza hivyo, kompyuta yenyewe bado haijawaka. Kabla sijafungua chochote huwa nimeshajua kilichomo: mtu katoa pesa benki, kaziweka kwenye simu, kisha kazitoa kwa wakala, na kila hatua kaiandika kuwa ni matumizi. Jambo hili nimeshalieleza mezani, kwa simu, hata kwenye foleni ya wakala. Sasa naliandika, ili atakayeniuliza tena nimtumie maandishi.

Chukua mwalimu wa Ujiji. Mshahara wake umeingia benki, 850,000. Siku hiyohiyo anahamisha 400,000 kwenda M-Pesa, anaandika: matumizi 400,000. Kesho yake anatoa 300,000 kwa wakala, anaandika: matumizi 300,000. Jumamosi anakwenda soko la Mwanga na pesa mkononi, ananunua mchele, mkaa, mawese na migebuka, akirudi anamlipa fundi bomba. Jumla 260,000, nazo anaziandika. Programu inajumlisha kama ilivyoamriwa, inapata 960,000. Mstari wa salio unasoma hasi 110,000 kwa wino mwekundu, na mwalimu anakuja kwangu akiamini kwamba ama benki imemwibia ama kompyuta ina kirusi.

Haya, tuhesabu mifuko yake. Benki zimebaki 450,000, kwenye simu 100,000, kwenye pochi 40,000. Jumla 590,000. Mshahara ukitoa hizo unabaki na 260,000, na hizo ndizo pesa pekee zilizomtoka. Nyingine zote bado ni zake. Ukimimina maji kutoka kwenye dumu kwenda kwenye sufuria, hujayanywa. Makato ya kuhamisha na ya wakala nimeyaweka kando ili hesabu ionekane vizuri, lakini hayo ni matumizi ya kweli na yafunguliwe akaunti yake. Iite "Makato". Watu huyapuuza kwa kuwa ni madogo, kisha mwisho wa mwezi wanashangaa kwa nini salio la simu halilingani na la kwenye programu kwa elfu kadhaa.

Kwa hiyo fungua akaunti moja kwa kila mahali pesa inapokaa: benki, M-Pesa, Airtel Money, pochi, hata kopo la kabatini kama lipo. Laini mbili ni akaunti mbili. Pesa ikitoka moja kwenda nyingine, huo ni uhamisho, na ripoti ya matumizi haitauona kabisa. Katika GnuCash, programu ya hesabu ambayo ndiyo ninayowafundishia wengi, kila ingizo lina pande mbili: imetoka wapi, imekwenda wapi. Msidhani ni usumbufu uliobuniwa na watu wa kompyuta. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliuchapisha utaratibu huu Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara wa huko walikuwa wakiutumia kabla yake.

Ukiacha upande wa pili wazi, GnuCash yenyewe inafungua akaunti iitwayo Imbalance-TZS na kutupia humo. Kuna watu huifuta kwa hasira. Jamani, msiifute. Ifungue uisome: ndani yake mna orodha ya kila ingizo ulilolitaja nusu. Jaza upande uliokosekana, itabaki sifuri yenyewe.

Kosa hilohilo hujificha ndani ya mchezo, yaani upatu wa kuchanga na kupokea kwa zamu, na hapo hata watu wenye diploma hupotea. Mchezo wa watu 10, kila mmoja 50,000 kwa mwezi, anayepokea anaondoka na 500,000. Wengi huandika kila 50,000 kuwa matumizi, na siku ya zamu yao 500,000 kuwa mapato. Zote mbili si kweli. Anayepokea wa kwanza hajapata mapato ya 500,000: humo 50,000 ni yake mwenyewe na 450,000 ni deni kwa wenzake tisa. Anayepokea wa mwisho hakuwa na matumizi miezi yote ile, alikuwa anaweka akiba mikononi mwa wenzake. Wa zamu ya nne yuko katikati: 150,000 zinarudi za miezi mitatu aliyokwisha kutoa, 50,000 ni ya leo, na 300,000 zilizobaki anadaiwa, atazilipa kwa miezi sita.

Njia yangu ni rahisi. Fungua akaunti moja iitwe "Mchezo", iweke kundi la mali pamoja na benki na pochi. Ukitoa, hamisha kwenda Mchezo. Ukipokea, hamisha kutoka Mchezo. Salio lake likiwa juu ya sifuri, wenzako wanakudai wewe? Hapana, wewe ndiye unayewadai. Likishuka chini ya sifuri, wewe ndiye mwenye deni. Mzunguko ukiisha lazima lisome sifuri, na lisiposoma sifuri kuna mtu hakutoa, au ni wewe hukuandika. Mama mmoja aligundua hivyo kwamba mweka hazina wao alikuwa amemruka mwezi mzima. Sisemi yaliyofuata.

Hisa za kikoba nazo ni hivyohivyo, ni mali yako. Mkopo wa SACCOS si mapato, na katika rejesho ni riba tu iliyo matumizi. Sehemu ya mkopo wenyewe inapunguza deni. Ukishaelewa mchezo, haya hayahitaji mhadhara.

"Salio lisipolingana, weka rekebisho litulie," yaani ingizo la kubuni la kufuta tofauti. Anayesema hivyo huwa namuuliza kama na daftari la duka lake analirekebisha hivyo. Kulinganisha hesabu zako na taarifa ya benki au ya simu ndiyo faida kubwa ya programu hizi, na rekebisho linaizika. Kabla hujakata tamaa, jaribu mambo mawili ya wahasibu wa zamani. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, huenda umegeuza tarakimu: umeandika 63,000 badala ya 36,000, tofauti ni 27,000. Ikiwa haigawanyiki, igawe kwa mbili kisha utafute ingizo la kiasi hicho. Mara nyingi umeliweka upande usio wake, kilichoingia kimeandikwa kimetoka. Mengine yote hugundulika ukilinganisha kila Jumapili jioni wakati bado unakumbuka ulinunua nini. Anayesubiri Desemba anijie na subira, na aje na hela ya kunilipa.

"Ya bure ni ya kubahatisha, ya kulipia ndiyo sahihi." Kujumlisha ni kujumlisha. GnuCash imekuwapo tangu 1998, na haina malipo. Upande wa pili, Microsoft waliacha kuuza programu yao ya hesabu, Money, mwaka 2009, na Mint iliyokuwa na watumiaji wengi Marekani ilifungwa 2024. Jina kubwa halikuzuia. Usiulize bei tu, uliza kama programu itakuruhusu kutoa data zako zote zikafunguka kwenye jedwali la kawaida kama la Excel. Kama haikuruhusu, iache hata kama ina rangi nzuri.

"Mwaka mpya, faili jipya." Hakuna haja. Ripoti huchaguliwa kwa tarehe, na faili moja linabeba miaka mingi. Ukianza upya kila Januari unakata uzi: huwezi tena kulinganisha kodi ya nyumba ya mwaka huu na ya mwaka juzi.

Wanaovuka ziwa kwenda Kalemie, Uvira au Bujumbura huwa na dhana yao: kwamba dola na faranga zigeuzwe shilingi kichwani, ziandikwe akaunti moja. Baada ya wiki mbili hakuna anayejua pochi ya dola ina ngapi. Kila fedha iwe na akaunti yake, na kiwango kiandikwe siku ya kubadilisha, kile ulichopewa kweli dukani na siyo kile ulichokisikia redioni. Dola ikipanda bei ikiwa imelala kabatini, hujauza dagaa wowote, kwa hiyo ongezeko hilo si mauzo.

"Nikiweka hesabu kwenye kompyuta, TRA, watu wa kodi, wataniona." Faili lililo kwenye mashine yako halina waya kwenda kwa yeyote. Wala si mbadala wa EFD, mashine ya risiti za kodi, wasikudanganye. Kinyume chake, sheria inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu kwa miaka 5, na katika kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo, madaraja ya chini yanamtofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Anayeumia mara nyingi ni asiye nazo, kwa kuwa hana cha kubishania.

Nimalize na nakala rudufu, maana hapa ndipo machozi yalipo. Watu wanadhani wakiburuta ikoni ya programu iliyo kwenye uso wa kompyuta hadi kwenye flashi, wamehifadhi hesabu zao. Hiyo ni njia ya mkato, haina hata shilingi ndani. Kompyuta ikiibiwa, flashi inakuja na picha tupu. Kinachonakiliwa ni faili lenyewe, lenye mwisho wa .gnucash. Yale yenye jina hilohilo na mlolongo mrefu wa tarakimu ni nakala za nyuma ambazo programu imejitengenezea. Tarakimu hizo ni tarehe na saa. Zikiwa folda moja na faili kuu, mwizi anaondoka nazo zote. Peleka nakala kwenye flashi kila Jumapili baada ya kulinganisha, na nyingine jitumie kwa barua pepe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukiwasha utaambiwa faili limefungwa. Hesabu zako hazijapotea. Ni alama tu iliyobaki kwa sababu programu haikuzimwa vizuri. Hakikisha haijafunguliwa kwingine, kisha chagua kufungua hivyohivyo. Na ukinitumia faili nilikague, tafadhali, lisiwe lile la .log, ambalo ni orodha ya mabadiliko tu, siyo hesabu zenyewe.