Maswali manne ya kadi nyekundu: kesi ya Owen Farrell

Kila mara mchezaji mashuhuri wa raga anapotolewa nje kwa kadi nyekundu, wanaonijua huniuliza: amefungiwa mechi ngapi? Nilipoacha filimbi niliingia katika kamati ya nidhamu ya ligi za hapa kwetu Kenya, na tangu hapo jibu langu limekuwa kwamba idadi ya mechi ndiyo ya mwisho kutazamwa. Kwanza zisomwe sababu zilizoandikwa. Sijaona kesi inayolidhihirisha hilo kama ya Owen Farrell, nahodha wa Uingereza, mwezi wa Agosti 2023.

Siku hiyo, tarehe 12, Uingereza ilikuwa inacheza na Wales uwanjani Twickenham, zikiwa zimebaki wiki nne kabla ya Kombe la Dunia nchini Ufaransa. Taine Basham wa Wales alikuwa anasonga na mpira. Jamie George wa Uingereza alimgusa kwanza na kumyumbisha, na papo hapo Farrell akamwingilia akiwa wima, bega likatangulia, likamgonga kichwani. Nimeirudia picha hiyo polepole mara nyingi, na kila mara macho yangu huenda kwenye mkono wa upande wa bega lile, ambao haukufunguka kumkumbatia mshika mpira. Mwamuzi Nika Amashukeli alionyesha kadi ya manjano, ya kukaa nje dakika 10, na kulipeleka tukio kwenye chumba cha mapitio, utaratibu uliokuwa mgeni kabisa wakati huo, ambapo afisa aliye mbali na uwanja hupewa hadi dakika 8 za kutazama picha. Kabla ya dakika 10 za adhabu kwisha, kadi ilikuwa imegeuzwa nyekundu.

Mwongozo wa World Rugby, shirikisho la raga la dunia, kuhusu kugongwa kichwani humtaka mwamuzi ajiulize maswali manne kwa mfuatano. Je, kichwa kimeguswa? Je, kulikuwa na mchezo mchafu? Hatari ilikuwa ya kiwango gani? Je, kuna jambo lolote la kupunguza adhabu, kama vile mshika mpira kuinama au kubadili mwelekeo ghafla? Ugumu wote umo katika swali la nne, kwa sababu mwongozo wenyewe unasema kwamba kitendo cha makusudi, au kile ambacho kingekuwa haramu kwa vyovyote vile, hakina nafuu. Asiyeinua mkono kumkumbatia mwenzake amekwisha kuvunja sheria, hata kama bega lingetua kifuani.

Kamati huru ya Waaustralia watatu iliketi siku tatu baadaye na kuifuta kadi nyekundu, ikisema kwamba mguso wa George ulimbadilisha Basham mwelekeo ghafla, na kwamba hiyo ilikuwa sababu tosha ya kurudi kwenye manjano. World Rugby ikakata rufaa. Tarehe 22 Agosti kamati ya rufaa iliamua kwamba wenzao walikosea kwa kutolishughulikia suala la mkono, na kwamba mkabo ule ulikuwa haramu tangu mwanzo, hivyo swali la nne halikupaswa hata kufikiwa. Adhabu ilianzia mechi sita, kiwango cha kati ambacho huwa ndicho cha chini kabisa kinachoruhusiwa pale kichwa kinapogongwa, ikashuka hadi mechi nne. Farrell akazikosa mechi za Kombe la Dunia dhidi ya Argentina na Japani.

Mijadala mingi niliyoifuatilia wiki hizo ilihusu uraia wa wanakamati, na kama Farrell anaonewa au anabebwa. Suala la mkono, ambalo ndilo lililoigeuza kesi, lilitajwa kwa nadra. Inaniuma, kwa sababu mtazamaji wa raga ana uwezo wote wa kuelewa maswali manne iwapo mtangazaji atachukua dakika moja kuyaeleza. Akinyimwa maelezo, atabaki na dhana ya upendeleo.

Wapo waliosema kwamba shirikisho kukata rufaa dhidi ya kamati huru ni kuingilia haki. Mimi naona lilifanya lililopaswa, maana uamuzi ule wa kwanza ungeachwa, kila wakili angeubeba mkononi kwenda nao Ufaransa. Kinachonitia shaka ni mahali pengine: meza inayotunga sheria. Katika uchaguzi wa mwenyekiti wa World Rugby wa mwaka 2020, vyama kumi vikubwa vilikuwa na kura tatu kila kimoja kati ya kura 51, na mwaka 2024 Brett Robinson alimshinda Abdelatif Benazzi kwa kura 27 kwa 25. Maamuzi kuhusu usalama wa wachezaji wa dunia nzima yanatoka katika baraza lenye mizani hiyo.

Kadi nyekundu ya dakika 20, inayoruhusu timu kumwingiza mchezaji mwingine baada ya muda huo, ilianzia katika mashindano ya kusini mwa dunia, na mwaka 2025 ikaingia katika mashindano ya Mataifa Sita ya Ulaya licha ya chama cha Ufaransa kuipinga hadharani. Hoja ya wanaoitetea ni kwamba mashabiki hawalipi kutazama wachezaji 15 dhidi ya 14. Naielewa, lakini siikubali. Steve Thompson, aliyetwaa Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 2003, ameeleza kwamba hakumbuki ushindi ule, kwa kuwa ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kocha hubadili mafunzo ya mkabo pale timu yake nzima inapoumia kwa kosa la mmoja, na dakika 20 zinaupunguza uchungu huo.

Kabla sijajiunga na kamati, niliwahi kukutana na kijana wa ligi ya chini aliyefungiwa mechi tatu kwa ujumbe mfupi wa simu, bila neno lolote la sababu. Alinionyesha simu yake akaniuliza alipaswa kuuweka wapi mkono. Siku hizi kila hukumu ninayoshiriki naiandika kwa maswali yaleyale manne, kwa Kiswahili, kurasa mbili, na nakala ya kwanza hupewa mchezaji mwenyewe kabla ya klabu yake.