Ugatuzi si majimbo ya kufukuzana

Kaunti za Kenya zikitangaza nafasi za kazi, barua za malalamiko tunazopokea huongezeka. Baadhi zina msingi. Nyingine, kutoka pande zote mbili za mgogoro uleule, zimejengwa juu ya dhana moja: kwamba kila kaunti ina wenyewe, na asiye wa jamii yao ni mgeni anayevumiliwa. Aliyekosa kazi analalamika kwamba wenye kaunti wamembagua. Jirani yake analalamika kwamba wageni wamepewa riziki ya wenyeji. Wote wawili wamepotelea mahali pamoja, na hapo inabidi panyooshwe kabla hatujafika kwenye taratibu.

Wakenya wenye umri wana sababu ya kuhofia kugawanywa kwa mamlaka. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa ya majimbo, yaani mikoa yenye serikali na mabunge yake. KADU, chama cha kina Ronald Ngala na Daniel arap Moi, kilihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na zile kubwa zilizokuwa nyuma ya KANU, chama kilichokuwa madarakani. Kufikia mwisho wa 1964 KADU ilikuwa imejivunja na majimbo yamebaki bila nguvu. Wazo hilo lilifufuliwa majukwaani mapema miaka ya 1990, safari hii na wanasiasa waliolitumia kuwaambia wakazi fulani wa Bonde la Ufa warudi walikotoka. Damu ikamwagika.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Mkataba uliotiwa saini na Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga tarehe 28 Februari 2008, kwa usuluhishi wa Kofi Annan, ulisimamisha mauaji. Yaliyoyazaa, yaani ardhi, ukosefu wa usawa na urais ambao mshindi alibeba kila kitu, yaliachiwa mageuzi ya muda mrefu, na Katiba ya 2010 ndiyo zao lake kuu.

Kuna hatua moja ya mageuzi hayo ambayo haizungumzwi vya kutosha. Rasimu ya Katiba iliyoandikwa na wataalamu ilikuwa na ngazi ya mikoa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Wabunge waliokutana Naivasha Januari 2010 waliifuta, zikabaki kaunti 47 kwa mipaka ya wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992. Mikoa michache mikubwa ingekuwa rahisi kugeuzwa ngome za jamii moja moja. Kaunti 47 zinazigawa hata jamii kubwa: Wakikuyu wana magavana Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Nyandarua, ambao kila mmoja anavutia pesa upande wake, Waluo wako Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Na ndani ya hizo mna wengine. Mkuria wa Migori na Msabaoti wa Bungoma hawaishi katika kaunti ya mtu. Wako kwao.

Ethiopia ilishika njia tofauti. Katiba yake ya 1995 ilifuata kwa kiasi kikubwa mipaka ya jamii na lugha, na kifungu chake cha 39 kikazipa jamii haki ya kujitenga. Katiba yetu haina kifungu cha namna hiyo, na wanaotuandikia kutaka tuwaonyeshe kilipo wanajichosha. Kifungu chetu cha 39, kwa sadfa, kinaelekea upande wa pili: kila raia ana haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini Kenya. Kifungu cha 40 kinaongeza haki ya kumiliki mali popote nchini. Gavana hawezi kuifuta haki hiyo, bunge la kaunti haliwezi, wala wazee waliokaa chini ya mti. Nalo shirikisho kamili si neno la kuuelezea mfumo wetu, kwa kuwa polisi na mahakama ni za kitaifa. Mapigano yakizuka, gavana hana kikosi cha kuamrisha. Kumwandikia atume askari ni kupoteza muda ambao ungeokoa watu.

Lakini hatusemi kwamba ugatuzi, yaani huku kupeleka mamlaka kwenye kaunti, umemaliza ukabila. Umeshusha baadhi ya ugomvi kutoka Nairobi hadi makao makuu ya kaunti, na jamii iliyokuwa ndogo kitaifa inaweza kuwa kubwa nyumbani na kuwafanyia wengine yaleyale iliyoyalalamikia. Waliotunga sheria walilitazamia hilo, na ndiyo sababu ya kanuni ya ajira inayosomwa vibaya kuliko zote.

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti izingatie haja ya angalau asilimia 30 ya nafasi zilizo wazi za ngazi ya kuingilia kwenda kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Someni polepole. Ni nafasi zilizo wazi, si wafanyakazi wote walioko. Ni ngazi ya kuingilia, si kila cheo. Ni kiwango cha chini, kwa hiyo kaunti ikifika 31 haijavunja kitu. Haitengi nafasi kwa jamii yoyote kwa jina, wala haimpi kazi asiye na sifa: kifungu hichohicho kinataja ustahili, ushindani wa haki na uwakilishi wa wakazi mbalimbali wa kaunti kuwa vigezo vikuu.

Sambamba nacho ipo Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, inayosema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Katika kaunti ambayo karibu kila mkazi ni wa jamii moja, masharti haya ni magumu kutimiza, na afisa atakayewaambia ni mepesi hajakaa kwenye jopo la usaili.

Usiporidhika na uamuzi wa Bodi, njia yako ni kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti: rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Rufaa iwe ya maandishi, na iwasilishwe ndani ya siku 90 kuanzia tarehe ya uamuzi. Siku hazihesabiwi tangu ulipopata habari kwa rafiki. Tume inaweza kupokea iliyochelewa ikiona mazingira yanaruhusu, kwa hiyo aliyechelewa aeleze sababu ndani ya rufaa yenyewe. Ambatisha tangazo la kazi, ombi lako na barua ya uamuzi kama unayo. Taja unachopinga: uteuzi, sifa zilizodaiwa, au kupuuzwa kwa wakazi wengine wa kaunti. "Wamejaza watu wao" si hoja mpaka useme ni nafasi zipi, ngapi, na za ngazi gani.

Na tafadhali, malalamiko yasigeuke kosa la jinai. Anayetumia maneno ya vitisho au matusi akikusudia kuchochea chuki ya kikabila, au katika mazingira ambayo chuki hiyo inaelekea kuchochewa, anakabiliwa chini ya kifungu cha 13 cha Sheria ya 2008 na faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu cha 62, kuhusu dharau ya kikabila, kinafikisha kifungo hadi miaka mitano, na chombo cha habari kinachochapisha maneno hayo kinaweza kutozwa faini hadi milioni moja. Kuwaita majirani "madoadoa", yaani kuwafanya wa jamii nyingine mabaka ya kuondolewa, ni jambo ambalo watu wameshakamatwa kwalo.

Mwisho, rufaa ni moja kwa kila uamuzi. Ukishindwa, unaweza kuomba Tume ipitie upya uamuzi wake ndani ya miezi sita, iwapo kuna ukweli mpya ambao usingeweza kuupata awali au kosa lililo wazi kwenye kumbukumbu. Kurudisha barua ileile kwa jina la ndugu yako si ukweli mpya.